Oksijeni Baada ya Moyo Kusimama: Hesabu ya Nairobi Si ya Mombasa

Tuseme ni saa kumi na mbili unusu asubuhi kwenye steji ya Makongeni, Barabara ya Jogoo. Nazungumzia Makongeni ya Nairobi, mtaa uliojengewa wafanyakazi wa reli, wala si ile ya Thika. Watu wamejipanga wakingoja matatu za kwenda mjini, na mwanamume wa miaka hamsini na ushei anaanguka bila kusema neno. Ukimwita haitiki. Anakoroma kwa vipindi virefu, kama mtu anayetafuta hewa, na wengi waliomzunguka wanasema bado anapumua. Hapumui. Mkoromo ule unatoka kwenye ubongo unaokosa damu. Moyo wake umesimama.

Yanayotakiwa kufanywa pale chini hayahitaji daktari. Kiganja kimoja katikati ya kifua, kingine juu yake, mikono imenyooka. Bonyeza sentimita 5 hadi 6 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mpokezane mkichoka. Asimwagiwe maji, asinyweshwe kitu, asikalishwe. Kila dakika inayopita bila mtu kubonyeza kifua na bila mashine ya kushtua moyo hupunguza nafasi yake ya kuishi kwa asilimia 7 hadi 10, na ubongo huanza kuumia baada ya dakika 4 hivi. Hospitali ya Metropolitan iko Buru Buru, Mama Lucy Kibaki iko mbele zaidi, Kenyatta iko ng'ambo ya mji. Ukiongeza msongamano wa magari wa asubuhi, zote ziko mbali kwa hesabu ya dakika nne. Anayeweza kumfikisha huko akiwa bado na nafasi ni yule aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni ya matatu.

Wengi hawarudi. Wapo wachache ambao mapigo hurudi, njiani au hospitalini, na makala hii ni ya hao. Mapigo yakirudi watu hushangilia, na wana haki ya kushangilia. Hata hivyo wengi wanaofikishwa ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, moyo ukipiga hufariki siku zinazofuata, na kinachowaua mara nyingi ni jeraha la ubongo lililoanza pale steji na kuendelea kitandani. Katika saa hizo za kwanza, namba chache zinazosomwa kwenye damu huongoza karibu kila uamuzi: oksijeni iko kiasi gani, kabonidioksidi iko kiasi gani, asidi imepanda mpaka wapi. Msimamo wangu nautoa mapema. Mgonjwa wa Nairobi ambaye moyo wake umetoka kurudi apewe oksijeni kamili mpaka kipimo cha damu ya ateri kitoke, ndipo ipunguzwe. Kuipunguza kwa kukisia, hata kwa nia njema, kunaweza kumuua.

Tuanze na kinachotokea ndani. Moyo unaposimama, chembe za mwili hazifi papo hapo. Huendelea kutumia oksijeni iliyobaki kwenye damu iliyotulia, na ikiisha huanza kuchoma sukari bila oksijeni, jambo linalozalisha asidi ya laktiki. Wakati huohuo kabonidioksidi, ambayo kwa kawaida hubebwa na damu hadi mapafuni ikatolewa nje, inakosa wa kuibeba. Inabaki, inachanganyika na maji ya mwili, na kuwa asidi nyingine. Mtu mzima mwenye afya ana pH ya damu kati ya 7.35 na 7.45. Aliyesimama moyo anaweza kufika hospitalini akiwa na 7.1, wengine chini ya 7. Anayesoma karatasi kwa mara ya kwanza huona tofauti ndogo. Kipimo hicho kimeundwa kwa namna ambayo ukishuka kwa 0.3 tu, asidi imeongezeka maradufu. Kutoka 7.4 hadi 7.1 ni mara mbili, ukifika 6.8 ni mara nne.

Gesi hizi hupimwa kwa milimita za zebaki, kama presha. Kabonidioksidi ya kawaida ni 35 hadi 45. Oksijeni ya kawaida, vitabu vingi vitakuambia, ni 80 hadi 100. Namba hiyo ya pili ishike, kwa sababu iliandikwa na watu wa miji ya chini na nitairudia.

Uwezo wa kuzisoma namba hizi kando ya kitanda ulianzia Copenhagen, Denmark, katika mlipuko wa polio wa mwaka 1952. Hospitali ya Blegdam ilijaa wagonjwa waliopooza misuli ya kupumua. Madaktari waliona bikabonati imepanda kwenye damu zao, wakadhani damu imepungukiwa asidi. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alidai kinyume: wagonjwa walikuwa wanajaa kabonidioksidi kwa kuwa mapafu hayasukumwi vya kutosha. Mkuu wa maabara, Poul Astrup, akapima pH na kumthibitishia. Wakatoboa koo, wakaweka mpira, na wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapokezana zamu usiku na mchana wakikamua mifuko ya hewa kwa mikono. Vifo vilishuka sana, na hapo ndipo wengi wanapoanzia historia ya ICU. Katika miaka iliyofuata Leland Clark wa Marekani alibuni kifaa cha kupima oksijeni, na John Severinghaus akaunganisha vipimo vyote vitatu kwenye mashine moja mwishoni mwa miaka ya 1950. Mfuko wa hewa unaojifumua wenyewe, ule ambao kila muuguzi wa Kenya anauita ambu, nao ulitoka Denmark mwaka 1956, kwa kazi ya daktari Henning Ruben. Wapenzi wa kandanda watakumbuka Copenhagen hiyohiyo tarehe 12 Juni 2021, Christian Eriksen wa Denmark alipoanguka uwanjani Parken katika mechi dhidi ya Finland. Alibonyezwa kifua na kushtuliwa moyo palepale kwenye nyasi, na akaondoka akiwa na fahamu.

Kipimo chenyewe ni kazi ya mkono mtulivu. Damu ya kawaida ya maabara hutolewa kwenye mshipa wa vena, ule wa samawati unaoonekana kiwikoni, lakini hiyo haitoshi hapa kwa sababu oksijeni yake tayari imetumika mwilini. Lazima ipatikane damu ya ateri, inayotoka moyoni ikielekea kwenye viungo. Unakunja kifundo cha mkono wa mgonjwa kwa nyuma kidogo, juu ya taulo iliyoviringwa, na kutafuta kwa vidole viwili pale mapigo yanapogonga chini ya kidole gumba. Sindano inaingia kwa mshazari. Ukipata, huvuti, presha ya mgonjwa mwenyewe inaisukuma damu ndani ya sirinji yenye heparini, kwa midundo, nyekundu ya kung'aa. Kisha hesabu ya dakika inaanza. Povu lolote la hewa litolewe mara moja, maana hewa ya chumbani itabadilisha namba. Sirinji izibwe, izungushwe kati ya viganja ili damu isigande, na ipelekwe mashine haraka, kwani chembe zilizo ndani ya sirinji bado ziko hai na zinaendelea kula oksijeni. Huku nyuma mtu abonyeze kidonda kwa pamba dakika 5 bila kuchungulia. Mashine ikiwa ghorofa nyingine na lifti haifanyi kazi, unachopima ni safari ya sirinji kama unavyompima mgonjwa.

Sasa kwa nini oksijeni nyingi iwe tatizo? Kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza. Aliyefufuka alipewa asilimia 100 na kuachwa nayo usiku kucha. Tatizo ni kwamba damu inaporudi ghafla kwenye ubongo uliokuwa umekauka huja na madhara yake. Mkazi yeyote wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, anajua maji ya kaunti yanaporudi baada ya siku tatu: bomba linatikisika, linatema hewa, na ndoo ya kwanza ni tope. Kwenye chembe za ubongo tope hilo ni molekuli kali za oksijeni zinazochoma kuta za chembe, na kadiri oksijeni inavyozidi ndivyo zinavyoongezeka. Katika wanyama wa maabara jambo hili lilionekana wazi.

Mwaka 2010 likaonekana kwa binadamu, au hivyo ilidhaniwa. Hope Kilgannon na wenzake walichapisha katika jarida la JAMA takwimu za wagonjwa 6,326 wa hospitali 120 za Marekani, waliopimwa gesi za damu ndani ya siku ya kwanza ICU baada ya moyo kusimama. Waliokuwa na oksijeni ya 300 na zaidi, asilimia 63 walifariki. Waliokuwa na upungufu, asilimia 57. Waliokuwa katikati, asilimia 45. Yaani oksijeni iliyozidi ilionekana mbaya kuliko iliyopungua. Habari hiyo ilienea kwenye wodi za dunia nzima, na mikono ikaanza kukimbilia kufunga mitungi.

Mwaka uliofuata Rinaldo Bellomo na wenzake walitazama wagonjwa 12,108 wa Australia na New Zealand, wakazingatia pia ukali wa ugonjwa wa kila mmoja, na uhusiano ule ukafifia. Hapa msomaji asiye daktari anapaswa kuona ugumu wa kazi hii. Mgonjwa aliye na hali mbaya zaidi ndiye ambaye daktari, kwa hofu, humfungulia oksijeni yote na kumwacha hivyo. Akifa, ameuawa na oksijeni au na ule ugonjwa uliomtia daktari hofu? Takwimu za kutazama tu haziwezi kutenganisha mambo hayo. Lazima wagonjwa wagawanywe kwa kura.

Kura ilipopigwa, jibu lilikuja na onyo. Katika utafiti uliopewa jina EXACT, uliochapishwa 2022, wahudumu wa ambulansi wa majimbo ya Victoria na Australia Kusini waligawa wagonjwa 425 ambao mapigo yao yalikuwa yametoka kurudi. Nusu walipunguziwa oksijeni mara moja, kipimo cha kidole kikilengwa kubaki asilimia 90 hadi 94. Nusu ya pili waliachwa kwenye 98 hadi 100. Waliotoka hospitalini wakiwa hai ni asilimia 38.3 kwa waliopunguziwa na 47.9 kwa walioachwa nayo. Utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu ya korona, hivyo takwimu zake hazina nguvu zote zilizokusudiwa, ila mwelekeo ni mmoja, na sababu yake inaonekana: waliopunguziwa walishuka hadi kiwango cha hatari mara mbili zaidi ya wenzao, asilimia 31 kwa 16. Mwaka huohuo Denmark walitoa utafiti wa BOX, wagonjwa 789 ambao tayari walikuwa ICU, wenye mashine ya kupumulia na kipimo cha damu kinachorudiwa. Hao walilengwa kiwango cha chini au cha juu kidogo cha oksijeni, na hakukuwa na tofauti. Karibu theluthi moja ya kila kundi walifariki au kubaki na ulemavu mkubwa.

Ukiweka tafiti hizi mbili pamoja unaelewa. ICU penye kipimo sahihi, oksijeni inaweza kulengwa chini kidogo au juu kidogo bila madhara. Barabarani na kwenye chumba cha dharura, ambako hakuna kipimo hicho, kuibana kunaleta maafa. Miongozo ya Ulaya ya 2021 inasema hivyohivyo: oksijeni kamili kwanza, kisha ukipata namba ya kuaminika lenga asilimia 94 hadi 98.

Hayo yote, hata hivyo, yameandikwa kwa ajili ya watu walio karibu na usawa wa bahari, na Makongeni haiko huko.

Mombasa hewa inatukandamiza kwa shinikizo la milimita 760 za zebaki. Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,650, ni karibu 630. Sehemu ya oksijeni hewani ni ileile, asilimia 21, lakini ni asilimia 21 ya kitu kidogo zaidi. Ukiondoa mvuke wa maji ulio njiani, hewa inayoingia mapafuni ina shinikizo la oksijeni la 150 Mombasa na 122 Nairobi. Ukiondoa nafasi inayochukuliwa na kabonidioksidi, vifuko vya mapafu vinabaki na kama 100 kule na 77 huku. Damu ya ateri huwa chini kidogo ya hapo. Kwa hiyo kijana mzima wa Makongeni, mcheza mpira wa uwanja wa Camp Toyoyo ambaye hajaugua siku moja, anaweza kuwa na oksijeni ya 70 na kitu. Kwa kitabu cha London yuko chini ya kawaida. Kwa Nairobi ni mzima kabisa.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu ya jinsi himoglobini inavyofanya kazi. Kutoka 100 kushuka hadi 70 damu haipotezi mengi. Bado imebeba oksijeni kwa asilimia 93 au zaidi. Kufika 60 imebaki kama 90. Chini ya 60 inaporomoka: hatua ndogo tu ya kushuka na damu imepoteza sehemu kubwa ya mzigo wake. Mgonjwa wa Mombasa ana nafasi ya 30 hivi kabla ya kufika kwenye mporomoko huo. Wa Nairobi ana 10 au 15. Mapafu yaliyopata maji kidogo, mbavu zilizovunjika kwa kubonyezwa kifua, tope la chakula lililoingia kwenye njia ya hewa, yote ya kawaida baada ya moyo kusimama, yanatosha kumvusha mpaka. Amri ya kuweka asilimia 90 hadi 94, iliyoangusha wagonjwa pwani ya Australia, kwetu ingekuwa hatari zaidi. Na asidhani mtu kwamba mwinuko unatulinda na ule upande wa kuzidi. Ukimpa mgonjwa wa Nairobi oksijeni safi, mapafu yake yanaweza kufika zaidi ya 500, kwa hiyo kuipunguza baadaye bado ni lazima.

Lipo jambo la pili ambalo lingepaswa kutusumbua zaidi kuliko linavyotusumbua. Kile kifaa cha kidole, oksimita, husoma rangi ya damu kwa kupitisha mwanga kwenye ngozi. Kilibuniwa Japani na Takuo Aoyagi miaka ya 1970, na kimeokoa watu wasiohesabika. Lakini Desemba 2020 Michael Sjoding na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha ulinganisho wa kifaa hicho na damu ya ateri. Kidole kiliposoma 92 hadi 96, damu yenyewe ilikuwa chini ya 88 katika asilimia 3.6 ya vipimo vya wagonjwa wazungu, na katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi. Mmarekani anaposoma habari hiyo anafikiria kundi moja la wagonjwa wake. Mimi nikiisoma nafikiria wodi nzima. Kifaa kinachodanganya kwa kupandisha namba, katika mji ambao mtu amekaa karibu na mporomoko, kwa mgonjwa ambaye ngozi ya vidole imepoa kwa sababu moyo ndio kwanza umerudi: hapo namba 93 inaweza kuwa 85, na ubongo ndio utakaolipa.

Na kuna jiko. Kati ya Juni na Agosti baridi ikizidi, familia ndani ya chumba kimoja hufunga dirisha na kulala na makaa yanayofuka. Monoksidi ya kaboni hushika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu aliyejazwa nayo moyo wake unaweza kusimama usingizini. Oksimita ya kawaida haiwezi kutofautisha damu yenye monoksidi na yenye oksijeni. Itasoma 98 kwa mtu anayekosa hewa ndani ya damu yake. Hata shinikizo la oksijeni la kwenye karatasi ya gesi linaweza kuonekana zuri. Linalomfichua ni mashine ya gesi yenye uwezo wa kuzitenganisha aina za himoglobini, na dawa yake ni oksijeni safi kwa saa kadhaa. Daktari aliyeona 98 na kufunga mtungi amemnyima mgonjwa huyo dawa pekee aliyokuwa nayo.

Kabonidioksidi ina upande wake, na hapa mkosaji mara nyingi ni mkono wenye huruma. Mishipa ya ubongo hupanuka kabonidioksidi ikipanda na hubana ikishuka. Kila milimita moja hubadilisha mtiririko wa damu ya ubongo kwa asilimia 2 hadi 4. Mtazame mtu anayekamua ambu kwa mgonjwa anayemjua, au mwanafunzi kwenye zamu yake ya kwanza. Anakamua haraka, mfuko haujafumuka anaukamua tena, mara 25, mara 30 kwa dakika, kwa kuwa anaona anampa uhai zaidi. Anachofanya ni kuifukuza kabonidioksidi yote, mishipa ya ubongo inajibana, na ubongo uliotoka kukosa damu unakoseshwa mara ya pili. Tena kifua kilichojaa hewa muda wote huzuia damu kurudi moyoni. Kinachotakiwa ni pumzi 10 kwa dakika, moja kila sekunde 6, na kukamua mpaka kifua kiinuke tu. Sekunde sita ni ndefu sana ukiwa na hofu. Namshauri anayekamua ahesabu kwa sauti.

Kwa kuwa kabonidioksidi hupanua mishipa, wengine walifikiri kuiacha ipande makusudi kungesaidia ubongo. Wazo lilikuwa zuri, na lilipimwa inavyotakiwa: utafiti wa TAME, uliochapishwa 2023, wagonjwa 1,700 katika nchi 17, nusu wakiwekwa kwenye 50 hadi 55 na nusu kwenye kawaida ya 35 hadi 45. Miezi sita baadaye waliokuwa na ubongo unaofanya kazi vizuri walikuwa asilimia 43.5 na 44.6. Hakuna faida. Kwa hiyo kawaida ndiyo lengo, na anayelenga kawaida lazima awe na cha kupimia.

Cha kupimia ndicho tatizo letu. Mwaka 2020, korona ilipoingia, watafiti Barasa, Ouma na Okiro walihesabu Kenya nzima na kupata vitanda 537 vya ICU na mashine 256 za kupumulia. Vimeongezeka tangu hapo. Lakini mashine ya gesi za damu hula katriji na kemikali kila siku, hata isipotumika sana, na hospitali nyingi zina mashine inayowaka taa huku katriji zimeisha. Bajeti inaponyolewa, kipimo hiki huonekana cha anasa, kitu cha hospitali kubwa za kibinafsi. Sikubaliani kabisa. Utafiti wa Afrika uliochapishwa kwenye The Lancet mwaka 2025, uliozunguka wodi za nchi 22, ulikuta mgonjwa mmoja kati ya wanane ni mahututi, wengi wao wakiwa kwenye wodi za kawaida, na karibu nusu tu ya waliokuwa wakishindwa kupumua ndio waliokuwa wakipewa oksijeni. Mjadala wa Marekani na Ulaya kuhusu oksijeni kuzidi haujafika kwetu kama tatizo kuu. Tatizo kuu ni kupungua, na kutojua kwamba imepungua. Kipengele cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Matibabu hayo ni pamoja na mtungi uliojaa, oksimita, na angalau mashine moja ya gesi yenye katriji katika kila hospitali inayopokea ambulansi za Eastlands. Huwezi kusema umemtibu mtu aliyefufuka kama hujui ana oksijeni kiasi gani.

Familia nazo hukutana na namba hizi, mara nyingi usiku wa manane kwenye korido. Ndugu mkubwa huitwa, huonyeshwa karatasi ndogo iliyochapwa na mashine, na kuuliza, "Daktari, hii ni nzuri ama mbaya?" Mwulize kwanza ilichukuliwa saa ngapi, na mgonjwa alikuwa akipewa oksijeni kiasi gani wakati huo, kwa sababu 75 bila oksijeni ni mtu mzima wa Nairobi na 75 akiwa kwenye asilimia 100 ni mapafu yaliyoshindwa. Uliza kama kipimo kimerudiwa, na kama asidi inapungua. Asidi iliyokuwa kubwa saa ya kwanza na kuanza kushuka baada ya saa chache ni habari njema kuliko namba moja nzuri isiyofuatwa na nyingine.

Na familia ikiulizwa usiku huohuo kama waendelee au waache, huku bili ya ICU ikipanda kila asubuhi, wajue miongozo inasema nini. Uamuzi kuhusu ubongo wa aliyefufuka haufanywi kabla ya saa 72, tena dawa za usingizi ziwe zimeisha mwilini, kwa kuangalia mboni za macho zinavyojibu mwanga, mwitikio wa mwili, na vipimo vingine kwa pamoja. Wapo waliofika na pH ya 6.9 na baadaye wakarudi nyumbani wakiwatambua watoto wao. Karatasi ya kwanza inamwambia daktari afungue mtungi kiasi gani na mashine ipumue mara ngapi. Haimwambii kama mgonjwa azimiwe mashine.